Picha juu ya picha: uzipige ndani ya kamera au uziunganishe kwenye kompyuta?

Siku ambazo maji yanajaa jioni, vijana wa makachu, wale wanaoruka baharini, hupamba moto kwenye ukuta wa Forodhani, hapa Unguja. Jua limebakisha kimo cha kiganja kufika baharini, kijana anakuja mbio, anaruka, anajikunja hewani, anazama, na nyuma yake mwengine kashaanza kukimbia. Nimewapiga picha kwa miaka mingi, na ni wao walionifundisha kwamba picha ya tabaka, yaani mapigo mawili au zaidi ya kamera yaliyolala ndani ya fremu moja, si kitu kimoja. Ipo inayozaliwa ndani ya kamera pale pale uliposimama, na ipo inayotengenezwa baadaye mezani. Na hiyo ya ndani ya kamera ina njia nne za kuchanganya. Ukikosea njia, kijana wako wa makachu anafutika kabisa, unarudi nyumbani na anga tupu.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza swali moja kwa namna nyingi. Wapo wanaotaka kujua kama ni lazima wanunue kamera yenye uwezo huo wakati GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, inapatikana bure. Wengine kamera wanazo, uwezo umo ndani, lakini hawajawahi kuugusa kwa sababu wameambiwa kompyuta inafanya vizuri zaidi. Nitaziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, na nitasema wazi ninapoegemea.

Kwanza, hesabu yenyewe

Wakati wa filamu, mpiga picha alipiga mara ya kwanza, akaacha filamu pale pale bila kuisogeza, akapiga tena. Pale ambapo mwanga ulikuwa mkali, filamu ilikuwa imeshashiba, na pigo la pili halikuongeza kitu cha maana. Pale palipobaki giza ndipo picha ya pili ilipopata nafasi ya kukaa. Kanuni hii ndiyo roho ya jambo zima, na haijabadilika: giza ndiyo karatasi yako. Umbo jeusi la mtu mbele ya anga nyeupe ni chombo kitupu, na chochote utakachopiga mara ya pili kitaingia ndani ya umbo lile na kusita kwenye ukingo wake.

Kamera ya dijitali haifanyi hivyo kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Kila pigo linasomwa peke yake, linageuzwa namba, kisha kamera inazichanganya namba za pigo la kwanza na za pigo la pili, nukta kwa nukta. Kompyuta inafanya hesabu ile ile. Kwa hiyo anayekwambia kwamba picha ya tabaka iliyotoka kwenye kamera ni ya kweli zaidi, au iliyotoka kwenye kompyuta ni safi zaidi, hajagusa tofauti yenyewe. Tofauti ni wakati wa kuamua. Ndani ya kamera unaamua ukiwa na mwanga wa pale, upepo wa pale, na mtu aliye mbele yako. Kwenye kompyuta unaamua umekaa, umeshakunywa chai, na mahali pale hupo tena. Mengine yote yanatokana na hilo.

Njia nne, kwa mfano wa kijana mmoja anayeruka

Kwenye menyu ya kamera nyingi utakuta maneno manne: Additive, Average, Bright na Dark. Nikon huandika Add, Average, Lighten na Darken, maana ni ile ile. Badala ya kuyaeleza hewani, chukua kamera, iweke juu ya tripodi au ikandamize kwenye ukuta isitikisike, elekeza magharibi, kisha piga mfululizo kijana mmoja anaporuka. Kwa kamera ya fremu 6 kwa sekunde, na mruko wa kama sekunde moja, utapata maumbo meusi matano au sita yanayoshuka kutoka ukutani hadi majini.

Ukiwa umechagua Additive, kamera inajumlisha mwanga wote. Mapigo sita ya anga angavu yakijumlishwa bila kupunguzwa, fremu nzima inaungua. Kwa hiyo unapunguza: kwa mapigo mawili, kila moja lipigwe stopu 1 chini ya kawaida (yaani nusu ya mwanga), kwa matatu, kama stopu 1 na nusu, kwa manne, stopu 2, kwa manane, stopu 3. Ukipunguza sawasawa, anga inarudi kuwa ya kawaida, lakini kijana anageuka moshi. Kila mahali alipokuwa mara moja, anga ilionekana mara tano, na anga inamshinda.

Average inakupunguzia yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kupiga hesabu ya stopu. Kwa makachu matokeo ni yale yale: mizimu hafifu.

Bright inachagua, kwa kila nukta, ile iliyo na mwanga zaidi katika mapigo yote. Anga ina mwanga kuliko kijana, na kila mahali alipopita kuna pigo lingine ambalo anga ilikuwa wazi. Kijana hayupo tena, utadhani hakuna aliyeruka.

Dark inachagua iliyo nyeusi zaidi. Hapo maumbo yote sita yanabaki, meusi, kamili, yamejipanga kama mkufu kutoka ukutani hadi majini. Hii ndiyo njia ya makachu, na ndiyo njia ya kila umbo jeusi mbele ya mwanga: minazi, milingoti ya mashua, kunguru juu ya waya.

Mfaransa Étienne-Jules Marey, aliyechunguza mwendo wa viumbe, alianza mwaka 1882 kupiga hatua nyingi za mtu anayetembea au kuruka juu ya bamba moja la picha, lililofanya kazi ya filamu. Bamba lake lilijua kujumlisha tu. Kwa hiyo alimvika mtu nguo nyeupe na kumpitisha mbele ya ukuta mweusi, ili mwanga wa pigo moja usile nafasi ya jingine. Sisi tuna anga nyeupe na mtu mweusi, kinyume cha Marey, na ndiyo maana tunahitaji Dark, njia ambayo bamba lake halikuweza kumpa. Ukiukumbuka ukuta wa Marey, hutokosea tena kuchagua. Jiulize nyuma ya mada yako pana nini, mwanga au giza.

Kwa hiyo Bright nayo ina siku yake, na siku hiyo ni usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na taa zao juu ya maji ukiziangalia kutoka ufukweni ni mji mwengine. Piga mapigo 9 ya sekunde 20 kwa Bright: bahari inabaki nyeusi, taa zinachora mistari kadiri vyombo vinavyosukumwa na mkondo. Ukitumia Additive usiku huo huo, uchafu wa giza, zile chembe za rangi zinazoletwa na ISO kubwa (kipimo cha kamera kuhisi mwanga), nao unajumlishwa pigo baada ya pigo. Kamera za Olympus, na za OM System zilizozirithi, zina kitu kiitwacho Live Composite kinachofanya kazi ya namna hii bila kikomo kidogo cha mapigo, huku unaona mistari ikikua kwenye skrini. Kwa mtu anayependa usiku, hiyo pekee ni sababu ya kuzitazama.

Average nilikuwa naidharau, na nilikosea. Inafanya mambo mawili ambayo watu huyanunulia vifaa. Kwanza inasafisha: wastani wa mapigo 4 ya kamera iliyotulia hupunguza chembe za ISO kwa nusu, na wa mapigo 9 huzibakisha theluthi. Pili inalainisha maji. Kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi sikuwa nacho kwa miaka mingi, na nilitaka bahari ya Shangani iwe kama maziwa chini ya majengo. Mapigo 9 ya nusu sekunde kila moja, kwa Average, ni sawa na sekunde 4 na nusu za bahari. Mawimbi yanapotea, mawe yanabaki. Watu wanaopita nao wanafifia. Mchana wa jua kali haitoshi, lakini magharibi inapoingia inatosha kabisa.

Kwa vitu vilivyotulia, Additive ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ya lile umbo tupu nililolisema. Lakini hapo usifuate kanuni ya kupunguza stopu bila kufikiri. Pigo la kwanza unataka anga iungue iwe nyeupe tupu, kwa hiyo unaongeza mwangaza kwa stopu 1 au zaidi badala ya kupunguza. Pigo la pili unalipiga kawaida, au chini kidogo. Anga ikibaki na rangi, picha ya pili itavuja hadi nje ya umbo, na utapata mtu mwenye majani kichwani na angani pia. Wengi wanaoniletea picha zilizoharibika, kosa lao ni hilo.

Kuta zetu nyeupe za chokaa zinafanya kazi kama anga, kwa hiyo piga hapo kwa Dark. Kivuli cha kimia cha dirisha juu ya ukuta mweupe, kisha pigo la pili la mlango uliochongwa, ule mfaa wa katikati na misumari yake ya shaba: vyote viwili vinaandikika juu ya weupe mmoja kama wino.

Jambiani: kwa nini naegemea kamera

Sasa kamera dhidi ya kompyuta. Nitasimulia asubuhi moja, kwa sababu ndiyo iliyonipa msimamo.

Ilikuwa bamvua, maji yamepwa mbali, saa tatu na kitu asubuhi. Kinamama wa mwani walikuwa wametapakaa kwenye mashamba yao ya kamba na vigingi. Kilimo hiki kiliingia pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na wapo wanaokifanya tangu wakati huo. Nilimkuta bibi mmoja amesimama anafunga mgongo wake kwa kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nilikuwa naomba ruhusa nikupige picha. Uso hautoonekana."

"Uso usipoonekana, itakuwaje picha yangu?"

Sikuweza kumweleza. Nikamwomba aniruhusu nimwoneshe badala ya kumwambia, na akikataa nifute. Nilipiga magoti majini, nikampiga ubavu wake ukiwa mweusi mbele ya anga, anga imeungua nyeupe. Kisha nikageuza kamera chini, kwenye mwani uliojaa kapu lake. Kamera yangu inaonesha kwenye skrini ya nyuma pigo la kwanza likiwa limelala juu ya kile unachokitazama, kwa hiyo niliweza kusogea taratibu mpaka matawi ya mwani yakafuata shingo na bega lake. Nikapiga, nikamwonesha.

Aliitazama kimya kwa muda. "Mwani umenijaa mwilini," alisema. Kisha: "Ndivyo ulivyo. Hii chukua. Lakini ile ya mwanzo, mtandio umeniteleza, ifute."

Kwa kuwa niliiweka kamera ihifadhi kila pigo peke yake pamoja na picha iliyochanganywa, ile ya mwanzo ilikuwapo kwenye kadi kweli. Nikaifuta mbele yake, akaona.

Ningekuwa nimepanga kuziunganisha kwenye kompyuta, ningemwomba ruhusa ya picha ambayo bado haipo. Angenikubalia kwa ukarimu, kama watu wetu wanavyokubali, na angekuwa amekubali jambo asilolijua. Hapa kwetu, ambako picha ya mwanamke si jambo dogo, ninaona hilo ni zito kuliko hesabu yoyote ya ubora. Na faida ya sanaa nayo ipo: matawi yale yamefuata bega kwa sababu nilikuwa nayo yote mawili mbele ya macho kwa wakati mmoja. Mezani ningekuwa na mwani nilioupiga kwa kubahatisha, kwa pembe moja au mbili, kisha nahangaika kuugeuza uingie.

Kamera inakufundisha kutafuta giza. Baada ya miezi michache ya kupiga tabaka ndani ya kamera utajikuta unapita Hurumzi au Kiponda unahesabu mahali penye nafasi: mlango wa giza, kivuli cha baraza, koti la mzee anayecheza bao. Kompyuta haikufundishi hilo haraka, kwa sababu inakusamehe mno.

Beit al-Ajaib: pale kompyuta iliposhinda

Lakini kusamehewa nako kuna thamani yake, na yapo mambo ambayo kamera haiyawezi.

Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Desemba 2020. Nilikuwa na faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaisindika, la jumba hilo, nililolipiga miaka michache kabla nikiwa bustanini Forodhani: lenzi ya milimita 35, tundu f/8, mwanga wa asubuhi. Baada ya lile tukio nilitaka picha moja yenye yote mawili, mnara ukiwa bado umesimama kama pumzi juu ya pengo.

Baadhi ya kamera hukuruhusu kuchukua RAW iliyomo kwenye kadi ikawa pigo la kwanza, hata kama ni ya mwaka uliopita. Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012 inaweza. Ni uwezo mzuri sana. Ila faili liwe limepigwa na kamera ya aina hiyo hiyo, na lisiwe JPEG. Mimi nilikuwa nimeshabadilisha kamera. Mlango ukafungwa hapo.

Kwa hiyo nilirudi bustanini na nakala ya picha ya zamani kwenye simu, nikatafuta pale pale niliposimama kwa kulinganisha nguzo na miti, nikapiga kwa lenzi ile ile na tundu lile lile. Kisha laptopu. Kwenye GIMP niliweka picha mpya chini, ya zamani juu yake kama leya (tabaka), nikapunguza uzito wa ile ya juu kufika nusu ili nione zote, nikaivuta na kuizungusha kidogo mpaka madirisha ya upande uliobaki yakakaa mahali pake. Ilinichukua jioni mbili, moja kati yake umeme ulikatika katikati ya kazi. Halafu nikafuta sehemu za juu nisizozihitaji, nikabakisha mnara na roshani tu. Hilo la kubakisha sehemu na kufuta sehemu, kamera haina. Kamera inachanganya fremu nzima kwa kanuni moja.

Nataka mlinganisho huu uwe wa haki, kwa hiyo niseme: ile picha ya mnara nisingeipata kabisa bila kompyuta, kama ambavyo ile ya Jambiani nisingeipata bila kamera. Kama wazo lako linatoka kwenye kumbukumbu, kwenye picha za nyakati mbili au mahali pawili palipo mbali, karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi Wete na bandari ya Malindi kwa mfano, kaa kwenye kompyuta bila kuona haya. Kama wazo linatoka kwa mtu au mahali ulipo sasa hivi, lifanye kwenye kamera.

Gharama? GIMP ni ya bure na inaendeshwa kwenye laptopu ya kawaida. Photoshop inalipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Ndani ya programu hizi, leya ya juu ukiipa Screen unapata kitu kilicho karibu na Additive lakini kisichounguza haraka. Lighten na Darken, ambazo GIMP huziita Lighten only na Darken only, ni zile Bright na Dark za kamera. Mwenye simu tu na hana vyote viwili, Snapseed ina kifaa kiitwacho Double Exposure, nacho ni cha bure. Faili litakuwa dogo kwa karatasi kubwa, lakini kwa kujifunza giza na mwanga linatosha.

Weka kila pigo

Jambo hili linapita ubishi wote wa hapo juu. Kamera nyingi za Canon zenye uwezo huu hukuuliza: hifadhi mapigo yote, au matokeo tu? Niliwahi kupiga harusi nikiwa nimeacha kwenye matokeo tu. Nilimpiga bibi harusi ubavu, kisha maua ya asumini na viluwa vilivyopangwa sahanini. Pigo la pili lilitikisika. Nikajaribu tena mara tatu, na kila mara nikampoteza pamoja na maua, kwa sababu lile pigo lake zuri la kwanza halikuhifadhiwa popote. Bibi harusi alishachukuliwa kwenda kuvishwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitazama kwenye menyu.

Ukihifadhi mapigo yote kama RAW, mpaka baina ya njia mbili unakaribia kufutika: unachanganya pale ulipo, unaona, unamwonesha mwenye picha, na ikibidi unarudi kuchanganya upya nyumbani. Kadi itajaa mapema, basi nunua kadi ya pili. Tahadhari moja: kwenye 5D Mark III, ukichagua ile hali ya mfululizo kwa vitu vinavyokimbia, kamera huhifadhi matokeo tu. Kwa makachu ninafanya yote mawili, miruko michache kwa hali hiyo, na mingine napiga mfululizo wa kawaida nikijua nitaiunganisha baadaye kwa Darken only.

Kamera ipi ina nini

Kwenye Canon, kamera za ngazi ya chini kama EOS 2000D na 250D hazina uwezo huu. 5D Mark III inao kamili: mapigo 2 hadi 9 na njia zote nne. Ukitazama kwenye kioo cha kuchungulia huoni pigo la kwanza. Washa skrini ya nyuma ndipo utaliona limelala. Ukizima kamera katikati, zoezi limekatika.

Nikon imekuwa na jambo hili muda mrefu, na kamera zake kubwa hufika mapigo 10. Za zamani za ngazi ya kati, kama D90 na D7000, zinaishia 3, nazo zina kipengele cha menyu cha kusawazisha mwanga kiitwacho Auto gain ambacho kwa kweli ni Average kwa jina jingine. Ukitaka mchezo wa umbo jeusi, kizime, la sivyo anga yako haitoungua na mwani utavuja. D850 ina njia zote nne. Kinachosumbua kwenye Nikon nyingi ni kwamba ukikaa kama nusu dakika bila kugusa kitu, kamera hufunga zoezi yenyewe na kuchanganya ulichonacho. Mtu uliyemwomba picha akiwa bado anajitengeneza, muda umekwisha. Ongeza muda wa skrini kuzimika kabla hujatoka nyumbani.

Fujifilm ndiyo raha ya kazi hii kwa jicho langu, kwa sababu pigo la kwanza unaliona humo humo unamochungulia, hata jua likiwa kali kiasi cha skrini ya nyuma kutosomeka, na pwani yetu saa sita mchana ndivyo ilivyo. Za zamani kama X-T1 na X-T2 zinaishia mapigo 2. X-Pro3 na X-T4 zinafika 9 na njia zote nne. Mapigo 2 yanatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo X-T1 iliyotumika, kwa mtu anayeanza, siwezi kuisema vibaya.

Sony A7 III na A6400 ni kamera nzuri sana, lakini uwezo huu hazina. Ukiwa nayo tayari, usiiuze kwa sababu hii. Piga mapigo yako ukiwa na mpango, andika kwenye simu lipi linaenda na lipi, na ukae na GIMP. Usichokuwa nacho ni kumwonesha mtu pale pale, na hapo Snapseed inaweza kukuokoa: hamisha picha mbili kutoka kamera kwenda kwenye simu, zilaze, mwoneshe.

Ukienda kununua kamera iliyotumika, iwe Darajani au kwa mtu, usiridhike na kuambiwa. Fungua menyu, tafuta maneno Multiple Exposure, hesabu kinafika mapigo mangapi, angalia kama kuna Dark, na kama kuna pa kuchagua kuhifadhi mapigo yote. Kisha simama ndani ya duka, mpige muuzaji au mwenzako aliyesimama mlangoni na mwanga wa barabarani nyuma yake, geuka, piga kanga au kitambaa chochote chenye maua kilichoning'inizwa karibu. Maua yakikaa ndani ya umbo lake na barabara ikabaki nyeupe, lipa.